Ufunguo, Waya na Mkanda: Shajara ya Kutengeneza Upya Sauti za Doctor Who ya 1963

3 Februari

Mradi umeanza. Natengeneza kipindi cha sauti cha nusu saa, kwa Kiswahili, kuhusu namna sauti za Doctor Who zilivyopatikana mwaka 1963. Sharti nililojiwekea ni kwamba kila sauti nitakayoieleza niitengeneze kwa njia waliyoitumia wao: mkanda, wembe, waya na chuma. Kompyuta itaingia mwishoni kabisa, kupanga vipande na kuvihifadhi.

Kwa asiyeijua tamthilia hii: ni ya BBC, ya hadithi za kisayansi, na ilianza kurushwa Jumamosi ya 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kupigwa risasi Dallas. Jioni ile Waingereza wengi mawazo yao yalikuwa Marekani, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata BBC ilirudia kipindi cha kwanza ndipo ikaonyesha cha pili. Mhusika mkuu ni mzee wa ajabu anayesafiri katika wakati kwa chombo kilichojificha ndani ya umbo la kibanda cha polisi cha buluu. Kwa nje ni kibanda tu. Ukiingia ndani ni ukumbi. Wazo la awali lilikuwa kibanda kibadilike umbo kulingana na mahali kinapotua, lakini kujenga umbo jipya kwa kila hadithi kungekula fedha zote. Hadithi ikasema mtambo wa kujibadilisha umeharibika, na kibanda kimebaki kibanda kwa zaidi ya miaka 60.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mambo mengi ambayo watazamaji wanayapenda katika tamthilia hii yalizaliwa na upungufu, na upande wa sauti ndio uliokuwa na upungufu mkubwa na ubunifu mkubwa zaidi.

6 Februari

Nimepeleka rekoda ya mkanda kwa fundi. Ni mashine ya reli mbili, ina kasi mbili, sentimita 19 kwa sekunde na sentimita 9.5. Ilikuwa inavuta mkanda kwa kusuasua, na sauti inayumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii uliitoa wapi? Mara ya mwisho kuishika kitu kama hiki nilikuwa sijaoa."

Akaifungua, akaigeuza kwenye mwanga, akasema mota ni nzima na vichwa ni vizima, ila gurudumu la mpira linalobana mkanda limekuwa gumu na mkanda wa mota umelegea. Atachonga gurudumu jingine. Nimemwachia.

Kasi mbili ni muhimu kuliko uzuri wa mashine. Ukirekodi kwa sentimita 19 na kuicheza kwa 9.5, sauti inashuka okteva nzima, yaani noti ile ile lakini nzito zaidi, na inachukua muda mara mbili. Hicho ndicho chombo kikuu walichokuwa nacho.

10 Februari

Nasubiri rekoda, kwa hiyo leo nimeandika sehemu ya watu. Nataka wasikilizaji wawajue kabla hawajasikia chochote.

Idara yenyewe ni BBC Radiophonic Workshop, iliyofunguliwa mwaka 1958 katika studio za Maida Vale, London. Walioipigania ni Daphne Oram na Desmond Briscoe. Kazi yake ilikuwa kutoa sauti ambazo okestra haiwezi kuzitoa, kwa ajili ya tamthilia za redio na baadaye televisheni.

Juu ya Doctor Who kulikuwa na Sydney Newman, Mkanada, mkuu wa tamthilia. Alimpa kazi ya uzalishaji Verity Lambert, mwanamke mwenye umri wa miaka 27, katika jengo ambalo wazalishaji wa tamthilia walikuwa wanaume. Aliyeongoza hadithi ya kwanza ni Waris Hussein, kijana aliyezaliwa Lucknow, India. Mtunzi wa muziki ni Ron Grainer, aliyezaliwa Australia. Ninapoiangalia orodha hii naona kitu ambacho hakisemwi vya kutosha: tamthilia ambayo leo inahesabiwa kuwa ya Kiingereza hasa ilisimamishwa na watu ambao wakubwa wa wakati ule wangewaita wageni au wadogo. Walipewa Studio D ya Lime Grove, chumba chembamba, cha zamani, chenye joto kali chini ya taa. Toleo la kwanza la kipindi cha kwanza lilijaa kasoro, kukiwa na milango ya chombo iliyogoma kujifunga, na Newman akaagiza kirekodiwe upya. Hakuwafukuza. Aliwaambia warudie.

Na kisha Delia Derbyshire. Alizaliwa Coventry mwaka 1937, akasoma hisabati na muziki Cambridge. Alipoomba kazi Decca, kampuni ya rekodi, alijibiwa kwamba hawaajiri wanawake katika studio zao za kurekodi. Akaingia BBC mwaka 1960, na mwaka 1962 akahamia Workshop. Mwaka mmoja baadaye karatasi ya Grainer ilitua mezani kwake.

15 Februari

Rekoda imerudi. Haiyumbi tena. Fundi amekataa bei niliyomtajia, akachukua nusu, kwa sharti kwamba nimpelekee asikilize kitakachotoka.

Jirani yangu seremala amenichongea kibao cha mninga chenye mfereji wa upana wa mkanda, na mkato wa mshazari wa kupitisha wembe. Mkanda haukatwi wima. Ukiukata wima, kiungo kinapiga kidoko kila kinapopita kwenye kichwa; ukiukata mshazari, sauti moja inaingia ndani ya nyingine taratibu.

18 Februari

Leo ni piano. Katika ukumbi wa kanisa moja kuna piano iliyoliwa na mchwa. Vibonye havipandi, lakini fremu ya chuma na nyuzi zake zipo. Mzee wa kanisa amenikubalia niifungue upande wa chini, mradi nisitoe kitu.

Sauti ya chombo kikiondoka, ule mkoromo unaopanda na kushuka, ilitengenezwa na Brian Hodgson. Alichukua ufunguo wa mlango wa nyumba ya mama yake, akaukwaruza juu ya nyuzi nene za piano mbovu. Alichokuwa akikitafuta ni sauti ya wakati wenyewe ukichanika kama kitambaa. Alirekodi mikwaruzo, akaipunguza kasi, akageuza mingine nyuma mbele, akaiongezea mwangwi wa mkanda.

Nimeelewa kwa nini ni nyuzi nene na si nyembamba baada ya kuzigusa. Nyuzi za besi ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, kwa hiyo uso wake una matuta madogo mfululizo. Ufunguo ukipita, unaruka juu ya kila tuta, na ile miruko ndiyo mkwaruzo. Uzi mwembamba hauna matuta. Ufunguo unateleza na kupiga mluzi tu. Kasi ya mkono inabadilisha kila kitu: ukiburuta polepole unapata mngurumo, ukiharakisha sauti inapanda kwa ghafla. Nimetumia ufunguo wa mlango wa jikoni kwetu, wa kizamani, mrefu, wenye meno mawili. Funguo za kisasa za kufuli ni fupi mno, vidole vinagusa nyuzi na kuzinyamazisha.

Nimerekodi mikwaruzo mirefu na mifupi, yote kwa sentimita 19.

19 Februari

Nimeicheza kwa kasi ya 9.5. Nilikuwa nimekaa chini kando ya spika na nikasimama. Mkwaruzo wa ufunguo umetoweka. Kilichobaki ni kitu kikubwa kinachohema. Kisha nimegeuza mkanda nyuma mbele. Sauti ya kawaida ya uzi huanza kwa nguvu na kufifia. Ikigeuzwa, inaanza kutoka mbali, inakua, halafu inakatika ghafla, na sikio halijui kama kitu kimefika au kimeondoka.

Mwangwi nimeupata kwa umbali kati ya vichwa. Mashine ina kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusoma, na kati yao kuna kama sentimita 5. Kwa kasi ya 19, kinachorekodiwa kinasomwa robo sekunde baadaye, kwa 9.5, nusu sekunde. Ukirudisha kinachosomwa kwenda kurekodiwa tena, mwangwi unajizaa. Kidole kinatakiwa kibaki kwenye kitasa cha sauti muda wote, maana ukiuachia nafasi kidogo tu unajaza mkanda mzima kwa mayowe.

Wenzao wa upande wa picha walifanya jambo lile lile kwa macho. Mawingu yanayochemka mwanzoni mwa kila kipindi, kazi ya Bernard Lodge, yalipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyo hiyo. Nuru inazunguka na kujizaa yenyewe. Sitakaa sana hapo katika kipindi changu, kwa sababu msikilizaji hawezi kuiona.

26 Februari

Sasa muziki, sehemu niliyoiogopa na kuisubiri.

Lambert alitaka kwanza kundi la Wafaransa, Les Structures Sonores, waliokuwa wakipiga ala za vioo na chuma. Bei haikuwezekana. Kazi ikaenda kwa Grainer, naye akaandika karatasi moja: mstari wa besi, mstari wa wimbo, na maelezo machache ya aina ya mapovu ya upepo na mawingu. Mengine yote aliachiwa Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills.

Hakukuwa na sintesaiza, yaani ala ya kutengeneza sauti kwa umeme, ya kununua. Besi ilitoka kwenye mdundo mmoja wa waya uliokazwa juu ya bamba la chuma. Mdundo huo ulirekodiwa, ukanakiliwa kwa kasi mbalimbali ili upatikane katika noti zote, kisha kila noti ikakatwa kwa urefu wake na kuunganishwa na inayofuata. Ule mlio wa juu unaoteleza ulitoka kwenye mashine za kutoa toni zilizotengenezwa kwa ajili ya kupima mitambo, huku mkono ukizungusha kitasa kutoka noti moja hadi nyingine. Mapovu na mawingu ni kelele tupu iliyochujwa. Hakuna aliyekaa akaupiga wimbo huu. Ulijengwa kwa rula.

Sitaunakili wimbo wenyewe. Una mwenyewe, na isitoshe nataka kuonyesha njia, si kuiga matokeo. Nimetunga mstari wangu mfupi wa besi, mapigo 120 kwa dakika. Hesabu inakuwa rahisi: pigo moja ni nusu sekunde, na kwa kasi ya 19 nusu sekunde ni sentimita 9.5 za mkanda. Ukitaka noti tatu ndani ya pigo moja, kila noti ni sentimita 3.2. Ukikosea milimita tatu sikio linajua.

2 Machi

Noti. Mashine yangu haina kitasa cha kubadilisha kasi kidogo kidogo kama walizokuwa nazo Maida Vale. Ina kasi mbili tu, na hizo zinanipa okteva, hazinipi noti zilizo katikati. Nimezungumza na fundi, na yeye ndiye aliyetoa njia: nguzo ndogo ya chuma inayovuta mkanda ikiongezwa unene, mkanda unaenda haraka zaidi.

Nguzo yetu ina kipenyo cha milimita 8. Kupanda semitoni moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti, kunahitaji kasi iongezeke kwa karibu asilimia 6, yaani kipenyo kiongezeke kwa takriban nusu milimita. Utepe mwembamba wa kuunganishia tulionao una unene wa milimita 0.06. Mizunguko minne inatosha kwa semitoni moja. Tumeizungusha pale pale mezani, tukacheza mdundo, nao ukapanda. Fundi alicheka kwa furaha, akamwita kijana wake aje asikie.

"Unaona? Hapa hakuna redio wala simu. Ni hesabu."

Kwa semitoni nyingi zaidi nguzo inakuwa mnene na gurudumu la mpira linahangaika, kwa hiyo nimeutunga upya mstari wangu utumie noti za karibu karibu. Nadhani umekuwa mzuri zaidi.

9 Machi

Wiki nzima ya kukata na kuunganisha. Meza imejaa vipande vilivyoning'inizwa kwenye ukingo, kila kimoja na jina la noti juu yake kwa kalamu nyeupe.

Leo nimesikiliza mstari wote kwa mara ya kwanza. Una kitu ambacho programu za kompyuta hazinipi. Kila noti ni mdundo ule ule mmoja, hata mtetemo wake wa mwisho, lakini noti za juu zimeharakishwa kwa hiyo zinakufa mapema, na za chini zimepunguzwa kwa hiyo zinakawia. Waya mmoja umekuwa familia nzima yenye sauti inayofanana. Hicho ndicho kinachoufanya wimbo wa Doctor Who usikike kana kwamba unatoka kwenye mashine iliyo hai.

Kuunganisha mistari ilikuwa kazi nyingine. Hawakuwa na rekoda ya njia nyingi. Kila mstari ulikuwa kwenye mkanda wake, mashine zikawashwa pamoja kwa mkono, na matokeo yakarekodiwa kwenye mkanda mwingine. Mills alisimulia kwamba baada ya kazi yote hiyo walisikia noti moja haikai mahali pake na hawakuweza kujua ipo kwenye mkanda upi. Walifungua mikanda wakaitandaza sambamba kwenye korido ndefu ya Maida Vale, wakatembea kando yake wakilinganisha viungo, mpaka wakafika mahali kiungo kimoja kilipoachana na vingine. Kosa la kimuziki walilipata kwa macho na miguu. Hadithi hii itachukua dakika mbili nzima za kipindi, na sitaifupisha.

Grainer alipousikia wimbo uliokamilika aliuliza kama kweli ni yeye aliyeuandika. Derbyshire akamjibu kwamba sehemu kubwa ni yeye. Grainer alitaka Derbyshire atambuliwe kuwa mtunzi mwenza na apate sehemu ya malipo. BBC ilikataa, kwa sababu wafanyakazi wa Workshop walitakiwa wabaki bila majina. Kwenye skrini iliandikwa idara tu. Derbyshire aliondoka BBC mwaka 1973 na kufariki mwaka 2001. Jina lake lilitajwa kwenye orodha ya skrini kwa ajili ya muziki huo katika kipindi cha maadhimisho ya miaka 50, Novemba 2013. Nimeandika sehemu hii mara kadhaa nikijaribu kuwa mtulivu, na nimeamua kuuacha uchungu usikike. Utaratibu wa idara hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu jasho lake.

Raymond Cusick, aliyechora umbo la Dalek, wale maadui wa Doctor Who walio ndani ya magamba ya chuma, naye alikuwa mwajiriwa wa BBC. Dalek zikauza wanasesere na vitabu duniani kote. Yeye alipewa zawadi ya pauni 100.

14 Machi

Sauti za Dalek, basi. Zilionekana kwa mara ya kwanza Desemba 1963, na mkono wao mmoja ulikuwa kile kipira cha kuzibulia sinki. Ndani ya kila Dalek aliketi mtu akiisukuma kwa miguu, na yeye ndiye aliyewasha taa za kichwani kufuata maneno, ili mtazamaji ajue ni ipi inayosema. Sauti lakini ilitoka kwa waigizaji wengine waliokaa pembeni, Peter Hawkins na David Graham, wakisemea kwenye kifaa kinachozidisha mawimbi mawili: sauti ya mtu na toni ya chini ya mawimbi 30 kwa sekunde.

Kifaa hicho ni transfoma mbili na dayodi nne zilizopangwa duara. Fundi amekiunganisha kwa jioni moja. Kinachotoka ni jumla na tofauti ya mawimbi yaliyoingia: sauti ya 200 ikikutana na 30 inatoka ikiwa 230 na 170, na ile 200 yenyewe haimo. Ndiyo maana sauti inasikika kama ya mtu aliyeondolewa utu.

Binamu yangu ndiye anayeisemea. Tumegundua jambo zuri: Kiswahili kinaifaa Dalek. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo akikata kila silabi peke yake, "tu-ta-wa-a-nga-mi-za", ile toni ya 30 inapata nafasi ya kutetemesha kila irabu mpaka mwisho. Watoto wa jirani walikimbia, wakarudi, wakaomba irudiwe.

21 Machi

Sehemu ya mikanda iliyopotea, ambayo awali sikuipangia nafasi. Sasa naona haikwepeki.

Mkanda wa video ulikuwa ghali, kwa hiyo BBC iliufuta na kuutumia tena. Vipindi vya miaka sita ya mwanzo vilikuwa 253, na zaidi ya 90 kati yake vikakosekana katika hifadhi. Vingi vilivyobaki vipo kwa sababu vilikuwa vimenakiliwa kwenye filamu ya milimita 16 ili viuzwe nje. Kenya ilivinunua, Zambia ilivinunua, Nigeria pia. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu za zamani, amepata mikebe katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Ndani yake mlikuwa na vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea, vya hadithi za The Enemy of the World na The Web of Fear. Filamu zilizoagizwa ziwaburudishe watazamaji wa Afrika ziliirudishia Uingereza kumbukumbu yake.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sauti. Kila kipindi kilichopotea kina sauti yake kamili. Watazamaji, wengi wao vijana, waliweka rekoda kando ya televisheni nyumbani wakanasa kila kitu, na sauti hizo zikatumika baadaye kutengeneza matoleo ya katuni ya hadithi zilizopotea. Shirika lenye studio na maghala lilifuta. Mtoto mwenye kipaza sauti sebuleni akatunza. Derbyshire mwenyewe aliacha mikanda 267 kwenye dari ya nyumba yake, na sasa ipo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Manchester.

Nimeanza kunakili mikanda yangu yote ya mradi huu, hata vipande nilivyovikataa.

28 Machi

Hali ilivyo: chombo kiko tayari, mstari wa besi uko tayari, Dalek iko tayari isipokuwa sentensi mbili ambazo binamu atazirudia Jumapili. Utangulizi nimeubadilisha. Kipindi kitaanza kwa majina: Derbyshire, Hodgson, Mills, Oram, Briscoe, kila mmoja na kazi yake, kabla hata ya jina la tamthilia, na fundi wangu na seremala watatajwa palepale pamoja nao.

Yamebaki mawingu. Kelele tupu ninayo, ila kichujio kinapitisha chini mno na kinachotoka ni mvua ya bati badala ya upepo. Fundi anasema tubadilishe kapasita mbili. Zinafika mjini Jumatano, na dakika ya 17 bado iko wazi ikizisubiri.